Nilimpa Mtoto wa Rafiki Yangu Sehemu ya Yuda

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakuna kitu hapa duniani kinaweza kunishangaza. Nimeona boti ikipinduka na watu ninaowajua ndani. Nimelala njaa mtaani Obunga nikiuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwanda vikishatoa minofu. Leo nina stoo ya omena, wale dagaa wa ziwani, mjini Kisumu na malori mawili yenye jina langu ubavuni. Mtu kama mimi atashangazwa na nini tena?

Basi nilishangazwa, na aliyenishangaza ni mimi mwenyewe.

Kosa ninalosimulia hapa ni langu. Hakuna mtu alinisukuma, na shetani nisimsingizie. Jina langu silitaji kwa sababu bado naona haya.

Niliacha shule darasa la nne. Hilo huwa nalisema kwa maringo, hasa mbele ya watu wenye digrii ambao nimewaajiri. Kile ambacho huwa sisemi ni kwamba kusoma kunanisumbua mpaka leo. Nasoma neno moja moja, kidole juu ya karatasi, midomo ikitembea kama ya mtoto. Binti yangu Sharon ndiye ananisomea barua, na yeye anadhani ni macho.

Hapo ndipo mambo yalianzia.

Parokia yetu ina darasa la kipaimara. Kila Kwaresima vijana wa darasa hilo wanatayarisha mchezo wa Mateso ya Bwana, na Ijumaa Kuu wanauchezea uwanjani Obunga. Mwaka jana katekista wetu, Mwalimu Consolata, alikuja stoo kuomba mchango wa vitambaa vya kushona kanzu. Nikamwambia mimi si mtu wa vitambaa. Nachukua mchezo wote: kanzu, jukwaa, jenereta, spika na maiki. Lakini nitauongoza mwenyewe, na siku yenyewe mimi ndiye msimulizi.

Alifurahi, maskini. Akafungua mkoba akanipa karatasi kama kumi hivi, ameziandika kwa mkono, kila mtu na maneno yake. Mbele ya darasa lote akaniomba nisome mwanzo ili vijana wasikie sauti.

Nilizitazama zile karatasi. Vijana ishirini na sita walikuwa wananitazama mimi, na Sharon akiwa katikati yao. Nikazikunja, nikamrudishia.

Nilisema maneno hayo hayana nguvu, ni ya kitoto. Nikasema mimi hadithi ya Yesu ninayo kichwani tangu utoto na nitaisema jinsi watu wa Obunga wanavyoongea. Vijana wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu Consolata alizirudisha karatasi zake mkobani polepole. Laiti ningesema tu, "Mwalimu, mimi kusoma ni shida." Maneno manne, matano! Yangeniokoa.

Sasa niwaambie kuhusu Okello.

Okello anatengeneza baiskeli na kuziba pancha za bodaboda kando ya barabara Obunga. Sanduku la spana, pampu, beseni la maji, basi. Lakini zamani tulikuwa mtu na mwenzake. Tulinunua omena pamoja ufukweni Usenge, tukalala kwenye chumba kimoja, na tulikuwa na boti yenye injini tuliyoinunua nusu kwa nusu. Hiyo injini ilikuwa mali yetu yote.

Watu wengi Kisumu wanajua hadithi ya injini hiyo, kwa sababu nimeisimulia kwenye harusi, kwenye harambee, na hata kwenye Jumuiya yetu ndogo baada ya rozari. Huwa nasema hivi: nilikuwa na rafiki, nilimwamini, akauza injini yetu akala pesa, akaniacha ufukweni na mikono mitupu. Na tazameni leo Mungu amenifikisha wapi! Jina la Okello nilikuwa silitaji. Lakini kila mtu alijua niliyekuwa naye Usenge.

Okello mwenyewe aliisikia hiyo hadithi. Alikuwa anakaa pale pale kwenye Jumuiya, ameshika rozari yake, anatazama sakafu.

Kijana wake, Felix, alikuwa kwenye darasa la kipaimara, mwaka wa pili sasa. Kijana mpole, ndiye aliyekuwa anafungua na kufunga ukumbi. Kipaimara kilikuwa kinakuja Pentekoste, Askofu mwenyewe akija. Na mnajua anayepewa kipaimara lazima awe na msimamizi, mtu wa kusimama nyuma yake na kumwekea mkono wa kuume begani wakati Askofu anampaka mafuta.

Okello alikuja kuniomba mimi niwe msimamizi wa Felix. Mimi, pamoja na yale yote niliyokuwa nikisema! Aliniambia mtoto anataka mtu ambaye akimwangalia ataona kwamba inawezekana. Nilikubali, na hata kukubali kwenyewe nilifanya kama mtu anayetoa msaada.

Basi tukafika kugawa sehemu za mchezo. Yesu alipatikana, Pilato akapatikana, Sharon akawa Mama Maria. Yuda akakosekana. Kila kijana niliyemwonyesha kidole, mama yake alikuja kesho yake kuniambia hapana. Huku kwetu jina likishika, limeshika. Mtoto akiitwa Yuda Ijumaa Kuu, ataitwa Yuda mpaka aoe, na pengine huyo mke asipatikane.

Nikasema Felix. Mwalimu Consolata akaniuliza kama baba yake amekubali. Nikamjibu kwamba mimi ndiye msimamizi wake na nimekubali.

Mtaniuliza kama nilikuwa na nia mbaya. Kwa kweli wakati huo niliona tu kwamba itachekesha. Mtoto wa Okello kuwa Yuda, watu wataelewa, watacheka kidogo, basi. Nilipita kwa Okello jioni kumwambia. Alikuwa ameinamia gurudumu.

"Kama wewe ndiye umesema, omera, ni sawa," aliniambia.

Omera ni ndugu. Mpaka siku hiyo alikuwa bado ananiita hivyo.

Nilitaka kila kitu kiwe cha kweli. Hata vile vipande thelathini vya fedha, sikutaka vifuniko vya soda kama miaka mingine. Nilitoa sarafu thelathini za shilingi kumi kumi kutoka droo ya stoo, nikazitia kwenye mfuko mdogo ulioshonwa kwa gunia la omena. Ukiutikisa karibu na maiki, uwanja wote ulikuwa unasikia.

Ijumaa Kuu watu walijaa. Sijawahi kuona Obunga imenyamaza vile. Mimi nimesimama pembeni ya jukwaa na suti yangu nyeusi, maiki mkononi, sauti inaenda mpaka relini. Karamu ya mwisho ikapita vizuri. Felix akatokea kuwarudishia makuhani ule mfuko.

Hapo, kama ningekuwa na karatasi za Mwalimu, ningesoma kilichoandikwa. Lakini sikuwa na karatasi. Nilikuwa na mdomo wangu tu, na watu elfu hivi wanaonisikiliza, na mdomo ukiona watu haujui breki.

Nilisema, "Muoneni Yuda. Msidhani Yuda alikuwa Yerusalemu peke yake. Yuda anaishi hapa hapa Obunga. Yuda alikula injini ya rafiki yake kule Usenge!"

Kicheko kilichotoka pale, jamani! Watu walishikana mabega. Kisha watoto waliokaa mbele wakaanza kuimba, "Injini! Injini! Yuda, rudisha injini!" na wakubwa wakaitikia. Mimi nilikuwa nawapungia mkono waendelee.

Felix alisimama katikati ya jukwaa. Alinitazama mimi, si watu. Alikuwa na maneno yake ya kusema, "Nimekosa nikiisaliti damu isiyo na hatia." Hakuyasema. Aliutupa ule mfuko chini, sarafu zikamwagika, akashuka jukwaani na kupita katikati ya umati, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Sharon naye aliteremka na kitambaa chake cha bluu cha Mama Maria, akamfuata. Tukamsulubisha Yesu bila mama yake kuwepo.

Na mimi nilipongezwa. Watu walikuja kunishika mkono, kwamba mchezo kama huo haujawahi kuonekana. Nilienda nyumbani nimejaa kama gunia.

Sharon hakula jioni hiyo. Aliniuliza swali moja tu, "Baba, ni ukweli aliiba?"

Nikamwambia ni ukweli.

Sasa nifungue kile ambacho sijawahi kufungua kwa mtu.

Injini haikuibwa. Wakati tuko Usenge, baba yangu alifariki. Mimi ndiye kifungua mimba. Mjaluo yeyote anajua maana yake: huwezi kuingia boma la baba yako aliyelala ndani ya jeneza, wewe mtoto wa kwanza, umetoka ziwani miaka yote hiyo, mikono mitupu. Ndugu zako wanakungoja. Wajomba wanakungoja. Wanataka kuona ng'ombe.

Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimekopa kila mahali na pesa nyingine nimekunywa. Nilimwambia Okello sitaenda kuzika, afadhali waseme nimepotea. Okello aliniambia tuuze injini. Nilikubali kwa mdomo wangu, na nusu ya injini hiyo ilikuwa yake! Akaiuza, akatafuta fahali, akamswaga kwa miguu mpaka kwetu. Tulikutana mtoni, kabla ya kupanda kwenye boma. Akanipa kamba.

"Shika wewe," alisema. "Ingia naye. Mimi nitakuja nyuma kama wageni wengine."

Niliingia na yule fahali kama mwanamume. Wamama wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Wajomba wananisifu mpaka leo. Na ndugu zangu waliponiuliza baadaye biashara ya Usenge imekwendaje na injini iko wapi, ningesema nini? Kwamba baba yangu alizikwa kwa mali ya mtu mwingine? Nikasema imepotea. Mwaka uliofuata nikasema imeibwa. Mwaka mwingine ikawa imeibwa na rafiki. Hadithi ilinenepa kila nilipoilisha, na mimi mwenyewe nilifika mahali nikaanza kuiamini.

Okello angeweza kunikana siku yoyote. Lakini ili ajitetee ilibidi amtaje yule fahali, na kumtaja fahali ilikuwa kunivua nguo mbele ya watu wa kwetu. Akanyamaza miaka yote hiyo. Mimi nikauchukua unyamavu wake nikaujengea jukwaa.

Jumatatu ya Pasaka Okello alikuja stoo. Sharon alikuwa ndani ananiandikia risiti. Okello aliweka ule mfuko wa gunia juu ya kaunta. Alikuwa amerudi uwanjani Jumamosi kuziokota zile sarafu mavumbini.

Na mimi nilizihesabu. Mungu anisamehe, nilizihesabu mbele yake! Ni mazoea ya duka. Mkono ulienda wenyewe. Zilikuwa ishirini na tisa.

"Inapungua moja," nilisema.

Okello akaingiza vidole vyake vyenye grisi kwenye mfuko wa suruali, akatoa shilingi kumi yake, akaiweka na zile nyingine. Nami nikazisukuma zote zikaanguka kwenye droo.

Hapo ndipo aliongea, polepole, bila hasira.

"Felix ameniuliza kama mimi ni mwizi. Nimemwambia akuulize wewe, kwa sababu wewe ndiye msimamizi wake. Nimemwambia utakuja kumjibu mwenyewe." Akatazama mlangoni. "Ile kamba niliyokupa kule mtoni, Jaduong', sijamwambia mtu. Hata mke wangu. Na sitasema."

Jaduong' ni mzee, mkubwa, neno la heshima. Kila mtu mjini ananiita hivyo na huwa nafurahi. Kutoka kwa Okello lilinikata kama kisu.

Alipoondoka, Sharon aliweka kalamu chini akaniuliza, "Kamba gani, Baba?" Nilimwambia aendelee na risiti.

Sikuenda kumjibu Felix. Kesho, kesho kutwa, wiki ijayo. Felix naye hakurudi darasani. Kila alikopita, watoto walimwita Yuda Injini. Wenye bodaboda wakaanza kumtania Okello kwamba wakiacha pikipiki kwake wataikuta haina injini. Ulikuwa utani tu, lakini mteja mmoja akahamia kwa fundi mwingine, na wa pili naye. Kabla mwezi haujaisha Okello alifunga sanduku lake akahamisha familia kwao, upande wa Katito.

Pentekoste ilifika. Nilikaa mbele na suti ile ile, na sikuwa na bega la kuweka mkono. Mwalimu Consolata alikuwa na orodha. Nilimwona akipiga mstari juu ya jina moja.

Baada ya Misa nilimwendea kujaribu kujieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Ulikataa karatasi yangu, Jaduong'. Kwenye karatasi yangu Yuda hakuwa na baba."

Nilienda kuungama. Padre alinisikiliza akaniambia niliyasema kwa maiki, niyarudishe kwa maiki. Nimejaribu, jamani. Mara mbili nimenyosha mkono wakati wa matangazo, na mara mbili nimeishia kutangaza mchango. Watu wakapiga makofi.

Sharon nilimwambia. Ilinichukua miezi mitano. Hakulia wala hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba siku ile uwanjani alimfuata Felix kumwambia asijali, kwamba mimi baba yake siwezi kusema uongo, lazima kuna kitu. Siku hizi akinisomea barua anaisoma tu, akimaliza anaondoka. Zamani alikuwa anakaa.

Mwaka huu nikasikia kipaimara kiko parokia ya upande wa Katito, na Felix yumo. Nikaenda. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi ambaye sijakaa nyuma tangu nipate lori la kwanza. Felix alikuwa amerefuka. Aliyesimama nyuma yake alikuwa fundi wa baiskeli mwenzake Okello, mzee mwembamba. Mkono aliouweka kwenye shati jeupe la yule kijana ulikuwa na grisi ambayo hakuna sabuni inatoa.

Baada ya Misa nilimkuta Felix nje, baba yake kando yake. Nikamwambia yote pale pale, fahali, kamba, injini. Niliongea nimeinamisha kichwa. Mtu wa malori mawili!

Felix alinisikiliza kwa adabu. "Nilikungoja, Jaduong'," alisema. "Baba aliniambia utakuja kuniambia mwenyewe. Nilikungoja mpaka siku tulipopakia vyombo."

 

Wewe unayesoma hii, nisikilize mimi ambaye nimelipia. Kama kuna mtu alikushika mkono ukiwa chini, usimfanye mbaya kwenye hadithi yako ili wewe uonekane umepanda peke yako. Hakuna mtu anapanda peke yake. Ni kwamba waliotusukuma huwa wako nyuma, hatuwaoni. Na kama hujui kusoma, sema hujui. Aibu ya kusema haimalizi dakika mbili. Na ukipewa maiki mbele ya watu, na mtoto wa mtu amesimama pale akikuamini, funga mdomo. Funga!

Mtataka kujua niliishia na hasara gani, maana watu wananijua mimi ni mtu wa hesabu.

Siku hiyo Katito nilikuwa na bahasha ndani ya koti. Ndani yake niliweka bei ya injini mpya ya boti, noti kwa noti, na juu yake nikaongeza ya fahali. Nilimpa Okello kwa mikono miwili. Aliifungua, akachungulia, akaifunga vizuri, akanirudishia mfukoni mwa koti langu mwenyewe, akapigapiga pale juu kama mtu anayemtuliza mtoto.

Kisha akanyosha kiganja.

"Nipe tu ile yangu," alisema.

Nilipekua mifuko yote mpaka nikaipata. Akaikunjia vidole, akamshika Felix bega, wakaenda zao. Shilingi kumi.